Chuma cha Katuruka Kiingie Darasani

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini mwetu amefundishwa vyanzo vya historia. Hutakiwa ayataje masimulizi ya wazee, mabaki ya kale, maandishi, lugha na makumbusho. Hutakiwa pia aeleze faida za makumbusho na upungufu wake. Mwanafunzi hodari huzipanga faida hizo moja baada ya nyingine, akapata alama zake zote, akapanda darasa. Lakini mwulize ndani ya makumbusho ameona nini. Wengi watanyamaza, maana hawajapata kuingia humo hata siku moja. Wamefaulu kueleza faida ya kitu ambacho wao wenyewe hakijawafaidia.

Hali hii ingevumilika kama watoto hao wangekuwa wakikaa mahali pasipo na kitu cha kuonyeshwa. Lakini sisi leo twasema juu ya watoto wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambao wanakanyaga historia kila asubuhi waendapo shule. Katika mashamba ya migomba ya Buhaya jembe hugonga mavi ya chuma, yaani takataka nyeusi nzito iliyobaki katika matanuri ya wahunzi wa zamani. Mtoto huokota, hutupa, huenda zake. Akifika darasani hufunguliwa kitabu na kufundishwa Zama za Chuma kwa majina ya Meroe na Nok. Majina hayo ni ya heshima katika Afrika, na ni haki yake kuyajua. Lakini nani atamwambia habari ya lile jiwe alilolitupa njiani?

Habari yenyewe yafaa kila mwana-Chama na kila mfanyakazi aijue. Katika Wilaya ya Bukoba, kusini ya mji, kipo kijiji cha Katuruka. Wazee wa hapo walisimulia, kizazi kwa kizazi, juu ya Omukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17. Walisema kwamba aliwaita wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao mnara ukaanguka. Walionyesha na mahali penyewe, mahali paitwapo Kaiija, jina ambalo lahusiana na kazi ya kufua chuma. Mtu wa haraka angesema hiyo ni hadithi ya kuwalaza watoto.

Karibu na mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee wale, akachimba pale walipomwonyesha. Chini ya ardhi alikuta alama za kazi ya chuma ambazo zilikuwa za kale kuliko Rugomora mwenyewe kwa karne nyingi. Vipimo alivyovitangaza viliirudisha kazi hiyo nyuma zaidi ya miaka 2,000. Wataalamu wengine wamebishana naye juu ya ukale wake kamili, na mabishano ya namna hiyo ni kawaida ya elimu. Lakini jambo moja halikupingika: kumbukumbu ya wazee wasiojua kusoma ilimpeleka msomi mahali palipo sahihi.

Hayakuishia hapo. Katika miaka ya 1970 wazee waliowahi kuyeyusha chuma walipokuwa vijana walikusanyika wakalijenga tanuri mbele ya Schmidt na mwenzake Donald Avery, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown. Walichimba shimo, wakalijaza nyasi za bwawani zilizounguzwa, wakajenga ukuta kwa udongo wa kichuguu usiopasuka kwa moto, wakaingiza mirija ya udongo, wakavukuta. Mwaka 1978 wataalamu hao wawili walichapisha maelezo yao katika jarida la Science. Walidai kwamba mirija ile iliipasha hewa joto kabla haijafika motoni, na kwamba tanuri la Wahaya liliweza kutoa chuma chenye ugumu wa chuma cha pua. Hapa tena wamezuka wapinzani, hasa juu ya hilo la hewa. Hata hivyo, tangu siku ile ulimwengu wa wasomi umejua kwamba kando ya Ziwa Viktoria walikuwako mafundi walioumiliki moto kwa akili na kipimo.

Sasa tujiulize: elimu hii iko wapi leo? Iko katika majarida ya Kiingereza. Iko katika vitabu vilivyochapwa ng'ambo, ambavyo bei ya kimoja haimo katika uwezo wa mkulima wa kahawa. Iko katika filamu iliyotolewa mwaka 1988. Wazee walioitoa wamekwisha kufa. Mtoto wa mjukuu wao anaweza kumaliza shule ya msingi, akaingia sekondari, akahitimu, bila kulisikia hata jina la kazi yao kinywani mwa mwalimu. Mali imechimbwa Katuruka, ikasafiri, ikawanufaisha wengi, lakini haijarudi katika darasa lililo hatua chache kutoka shimo ilimotoka. Tulipokuwa koloni tulilalamika kwamba pamba na mkonge hutoka kwetu zikiwa ghafi. Je, tunyamaze ikiwa ni elimu?

Wanakijiji wa Katuruka hawakunyamaza. Mwaka 2008 na miaka iliyofuata walijikusanya wenyewe, wakapatengeneza mahali pao pa kale, wakaijenga upya nyumba ya kaburi la Rugomora, wakaandaa mahali pa kuwapokea wageni. Mjini Bukoba nako yapo Makumbusho ya Kagera, yaliyokusanya vyombo vya jadi vya mkoa na picha za wanyama wake. Hizo ni juhudi za kusifiwa. Lakini makumbusho yakisubiri mtalii peke yake, na maelezo ya ukutani yakiandikwa kwa ajili ya mgeni, yatakuwa duka tu. Na mtaala usiopata kitu cha kushika mkononi utakuwa wimbo wa kukariri. Viwili hivi vyahitajiana, na kazi ya kuviunganisha bado haijafanywa kwa utaratibu.

Makumbusho ya Taifa yanafanya kazi yake, lakini tuitazame ramani. Nyumba ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1940, wakati wa ukoloni. Tangu Uhuru tumeongeza Kijiji cha Makumbusho hapo hapo Dar es Salaam, tukaongeza Arusha, Butiama na Songea. Kwa mtoto wa Muleba ya karibu ni Butiama, nayo iko ng'ambo ya Ziwa. Katika Kijiji cha Makumbusho, miongoni mwa nyumba za makabila yetu, imejengwa nyumba ya msonge ya Wahaya. Yaani mtoto wa Kamachumu asafiri zaidi ya kilomita 1,000 akaione nyumba aliyozaliwa babu yake! Ni wazi kwamba kwa mtoto huyo makumbusho hayana budi kumfuata aliko.

Msingi wa jambo hili tuliuweka zamani. Mwezi wa Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Moja ya makosa aliyoyaona katika elimu tuliyorithi ni kuwafanya vijana waamini kwamba maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma, na kwamba mzee wa kijijini hana la kufundisha. Tumelisoma neno hilo mara nyingi, tukalipigia makofi mikutanoni. Katuruka ni mahali ambapo ukweli wake ulithibitishwa kwa jembe na kipimo. Basi haifai kabisa Katuruka ikawa mfano kwa wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo, nasi tukabaki na makofi.

Tena wakati ni huu. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 ulianza kutumika kwa hatua mwezi wa Januari 2024. Umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili tangu shule ya msingi hadi sekondari. Umeweka pia somo la Jiografia na Mazingira, na somo la Sanaa na Michezo. Nia iliyotangazwa ni umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda jambo, si kulitaja tu. Taasisi ya Elimu imetoa muhtasari. Lakini muhtasari wa taifa zima hauwezi kutaja kila kilima na kila kisiwa. Umeacha nafasi, na nafasi hiyo yatupasa sisi wa mikoani tuijaze. Tusipoijaze itajazwa na mazoea yale yale ya ubao na chaki.

Kuoanisha makumbusho na mtaala maana yake nini hasa? Wengi hudhani ni kuwapakia watoto katika basi mara moja kwa mwaka, wakaimba njiani, wakala maandazi, wakatazama vitu nyuma ya kioo, wakarudi. Hiyo ni matembezi. Kuoanisha ni kukichukua kitu kimoja na kuuliza: kinafundisha mada gani, katika somo gani, darasa la ngapi, na mtoto atafanya nini kuonyesha kwamba ameelewa?

Tuchukue lile pande la mavi ya chuma. Katika historia litafundisha asili ya jamii zetu, ugawaji wa kazi, na biashara ya majembe. Katika kemia ya sekondari mwanafunzi hufundishwa namna chuma kinavyotolewa katika mawe yake, na huchorewa tanuri kubwa la Ulaya. Mpe pande la Katuruka mkononi. Mweleze kwamba makaa yakiungua kwa hewa kidogo hutoa gesi inayoyanyang'anya mawe oksijeni, chuma kikabaki. Mweleze kwamba chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538 za Selsiasi, lakini takataka zake huyeyuka mapema zaidi. Ndiyo sababu zilitiririka chini, na chuma kikabaki donge, likangojea nyundo. Akilielewa hilo hatalisahau, hata akiulizwa juu ya tanuri la Ulaya.

Pande lile lile laingia katika jiografia na mazingira. Chuma kilikula makaa, na makaa yalikula misitu. Waliochunguza mabaki ya makaa ya kale waliona alama kwamba miti ya msituni ilipungua kadiri karne zilivyopita. Hapo mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi: wahunzi wetu walikuwa hodari, lakini gharama yake ilikuwa nini, nasi leo tunaokata mkaa tumejifunza nini? Historia ifundishwayo hivyo haimpambi babu kwa maua tu. Humtazama kama mtu mzima aliyefanya kazi, akapata na akapoteza.

Na ufinyanzi je? Vyungu vya wahunzi wale wa mwanzo ni vya aina iitwayo Urewe, jina la mahali palipo Kenya, na vimepatikana kuzunguka Ziwa, Kenya, Uganda, Rwanda na kwetu. Vingine vina kibonyeo katika kitako. Mtoto wa sanaa akikifinyanga chungu cha namna hiyo kwa mikono yake, atauliza mwenyewe kwa nini watu wa nchi nyingi walitumia chapa moja. Hapo mpaka wa mkoloni utaonekana ulivyo mchanga.

Tukivuka kwenda Muleba, hazina yabadilika lakini haipungui. Kisiwa cha Bumbire kimo katika wilaya hiyo. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipambana na watu wa kisiwa hicho, kisha mwezi wa Agosti akarudi na bunduki akawapiga risasi kutoka majini, wao wakiwa na mikuki, pinde na mawe. Barua zake mwenyewe zilipochapwa magazetini, hata huko Uingereza watu walilalamika. Mwalimu akiwa na nukuu ya habari hiyo kwa Kiswahili, na ramani ya kisiwa, na masimulizi yaliyokusanywa kwa wenyeji, ana somo zima juu ya vyanzo vya historia. Nani aliandika? Alikuwa na nia gani? Upande wa pili ulisema nini, na kwa nini sauti yake haikuchapwa? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo hatadanganywa upesi na gazeti wala na simu ya mkononi.

Muleba hiyo hiyo ina Kamachumu, ambako Ali Migeyo, mpigania uhuru, aliwahutubia wananchi katika miaka ya 1950, na dola ya kikoloni ikamwandama. Wasifu wake ulichapwa mwaka 1969. Kabla yake, mwaka 1937, wakulima wa kahawa wa Bukoba walizikataa kanuni za serikali ya kikoloni, ghasia zikatokea. Ulikuwako pia utaratibu wa nyarubanja, uliomfanya mkulima awe mpangaji katika shamba alilolitolea jasho, na ambao sheria za Uhuru ziliufuta katika miaka ya 1960. Mambo haya yote yana vitu vyake: mizani ya kahawa, stakabadhi za ushirika, kadi za TANU zilizofichwa masandukuni, picha, hati za kibanja. Vitu hivyo vimo majumbani mwetu hivi sasa. Mwenye navyo akifa, watoto huvichoma pamoja na magodoro.

Hapo ndipo penye haraka ya jambo hili. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Ugonjwa ule uliwaua baba na mama waliokuwa wapokee kwa wazee na kuwapa watoto. Bibi na babu wakalea yatima, wakafundisha walichoweza. Leo mabibi na mababu hao nao wanaondoka. Mlolongo wa kurithishana uliokuwa ukipita nyumbani umekatika mahali pengi, na chombo pekee kinachomfikia kila mtoto ni shule. Shule isipobeba, hapana mwingine wa kubeba.

Tunajua yapo manung'uniko, na ni haki yajibiwe. Wa kwanza watasema huu ni ukabila unaoletwa kwa mlango wa nyuma. Swali hili ni zito, kwa maana Chama chetu kilijengwa juu ya umoja. Lakini tukumbuke kwamba Desemba 1962, mara tulipokuwa Jamhuri, serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na nia ilikuwa kuokota lililo bora katika mila za makabila yote na kulifanya mali ya taifa. Ukabila huzaliwa mtu akifundishwa kwamba kabila lake ni bora kuliko la jirani. Mtoto wa Muleba akifundishwa chuma cha Buhaya kwa Kiswahili, ndani ya somo la Historia ya Tanzania, na mtoto wa Songea akakisoma hicho hicho, na yule wa Muleba akasoma Majimaji, kitakachozaliwa ni Utanzania. Sharti moja tu: wafundishwe ukweli wote. Ufalme wa Rugomora waambiwe kwamba ulikuwa na wahunzi, na waambiwe pia kwamba ulikuwa na mabwana na watwana.

Wa pili watasema hizo ni habari za mizimu. Mzazi Mkristo au Mwislamu hatamruhusu mtoto wake aende penye kaburi la mfalme wa kale. Kagera ni mkoa wa dini, nao ndio uliotoa kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi, Laurean Rugambwa, mwaka 1960. Wazazi hawa tusiwadharau. Waelezwe mapema, katika mkutano wa shule, kwamba mwanafunzi huenda kuangalia na kuandika, haendi kuabudu. Kujua waliloamini watu wa kale si kuliamini. Mapadri na wachungaji wa awali wenyewe waliandika sana juu ya mila za Buhaya, na imani yao haikupungua.

Wa tatu ni mwalimu, na huyu tumsikilize kuliko wote. Atasema: darasa langu lina watoto wengi kupita kiasi, muhtasari ni mrefu, mkaguzi yuaja, mtihani yuaja, nauli sina. Asema kweli. Ndiyo sababu tunapinga kumwongezea mwalimu somo jipya. Kinachotakiwa ni kumpa zana kwa mada ambayo hana budi kuifundisha hata hivyo. Kama mada ya teknolojia ya chuma ina vipindi kadhaa, vipindi ni hivyo hivyo. Ila badala ya kuandika ubaoni maneno ya kunakiliwa, ataweka kitu mezani na maswali matano. Zana ikimwongezea mzigo haitatumika, itaozea kabatini, na mwalimu hatakuwa na kosa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo yanayowezekana, tena kwa fedha kidogo.

La kwanza, kiandikwe kitabu kidogo cha mwalimu kwa ajili ya Bukoba na Muleba. Kila ukurasa uwe na kitu kimoja au mahali pamoja: mada na darasa linalohusika, maelezo mafupi yaliyothibitishwa, maswali ya kabla ya kuona, wakati wa kuona na baada ya kuona, na kazi moja ya mwanafunzi. Kiandikwe na walimu wenyewe wakishirikiana na watunzaji wa Katuruka na Makumbusho ya Kagera, na kipitiwe na Taasisi ya Elimu na Makumbusho ya Taifa ili uvumi usipenye. Hadithi iitwe hadithi, ushahidi uitwe ushahidi, na penye mabishano ya wataalamu pasemwe hivyo. Kiwe kwa Kiswahili safi.

La pili, yatengenezwe masanduku ya kuzunguka. Mtoto wa visiwani Muleba hawezi kupanda mtumbwi na gari kuja Katuruka, basi Katuruka imfuate. Ndani ya sanduku liwemo pande la mavi ya chuma, mfano wa jembe la kale, mfano wa chungu cha Urewe, kipande cha nguo ya gome la mti, kahawa ya kutafuna, picha na ramani. Vitu asilia vya kale vilindwe, kwani sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 ipo. Mifano ifinyangwe na mafundi wetu, wapate na ujira. Sanduku likae shule moja majuma mawili, lihamie nyingine, na kila shule isaini.

La tatu, wazee waalikwe na waandikwe. Mzee anayejua kupiga nanga na kuimba tendi za kale, bibi anayejua kuezeka msonge, mkulima aliyekumbuka nyarubanja, wote ni vitabu. Wanafunzi wa sekondari wawahoji, waandike jina, mahali na tarehe, na nakala moja ibaki shuleni. Mzee apewe heshima yake mbele ya darasa, na nauli yake asiidai mara mbili. Majirani zetu wamethubutu: Makumbusho ya Uganda, yaliyoanza mwaka 1908, yalijulikana kwa ngoma na vinanda vilivyopigwa humo badala ya kuning'inizwa tu.

La nne, vyuo vya ualimu mkoani, kama Katoke, vimzoeze mwalimu kijana kufundisha kwa kitu. Mwalimu asiyefundishwa hivyo chuoni hataanza ghafla akifika kijijini.

La tano, mtihani. Tusidanganyane: kisichoulizwa katika mtihani hakifundishwi. Kazi ya mwanafunzi juu ya kitu cha mahali pake ihesabiwe katika tathmini ya shule, na Baraza la Mitihani liulize maswali yanayomtaka mtahiniwa atoe mfano wa mahali anakokaa. Mtoto wa Bukoba ataje Katuruka, wa Kilwa ataje Kilwa, na wote wapate alama kwa hoja.

Fedha zitatoka wapi? Kitabu kidogo na masanduku machache havishindi gharama za semina moja ya siku tatu hotelini. Madiwani wa halmashauri za Bukoba na Muleba wakiingiza jambo hili katika bajeti, wameonyesha njia. Vyama vya ushirika vilivyojengwa na kahawa navyo vina deni kwa watoto wa wakulima. Na wana-Chama katika mashina na matawi wana kazi ambayo haihitaji senti: kuuliza katika kamati ya shule, mwaka huu watoto wetu wameonyeshwa nini? Chama cha Walimu kiulize nacho, kwa kuwa zana bora ni sehemu ya hali bora ya kazi kama ulivyo mshahara.

Wapo watakaosema tungojee makumbusho makubwa ya mkoa yajengwe kwanza, yenye vioo na taa. Yakijengwa tutafurahi. Lakini jengo laweza kungoja, wazee hawawezi. Wahunzi wa Katuruka hawakungoja kiwanda kije kutoka ng'ambo. Walitumia udongo wa kichuguu, nyasi za bwawani na mkaa wa msitu wao, wakapata chuma. Nasi tunavyo vya kuanzia: kijiji kilichojitolea, makumbusho yaliyoko mjini, walimu wenye akili, na mtaala ulioacha mlango wazi.

Muhula ujao mtoto mmoja wa Buhaya ataokota tena lile jiwe jeusi njiani. Tufanye kazi sasa, ili siku hiyo alipeleke kwa mwalimu wake, na mwalimu awe na la kumwambia.